Vyumba Viwili vya Balozi Obonyo

Inspekta Dolphine Nabalayo hakuweza kukaa. Alikuwa ameizunguka sebule ya mbele ya marehemu Balozi Obonyo mpaka zulia likaanza kujikunja chini ya viatu vyake, na kila alipofika dirishani alilitazama ziwa, akageuka, akaanza upya. Kwa mujibu wa karatasi, kesi hii ilikuwa imekwisha. Faili lilikuwa limefungwa kwa uzi na mshukiwa yuko seli. Hata hivyo, kesi yenyewe ilimwasha kama upupu.

Mshukiwa alikuwa Okinyi, mwenyekiti wa wavuvi wa ufuko wa Dunga, Kisumu, na alasiri hiyo angepelekwa mahakamani kusomewa shtaka la mauaji. Akishasomewa, kumtoa ni shughuli ya miaka. Nabalayo ndiye aliyeamuru akamatwe, na tangu siku ile mke wa Okinyi, Jacinta, alikuwa akishinda nje ya kituo na bakuli la ugali lililofunikwa kwa leso. Hakulia, hakumtukana mtu, hakuuliza kitu. Alikaa tu. Nabalayo angependelea atukanwe.

Mambo yenyewe yalikuwa yamenyooka, na huenda ndiyo sababu yalimkera. Balozi alikutwa amekufa kwenye korido ya nyumba yake, kichwa kimegonga ngazi ya mawe. Daktari alisema alisukumwa. Kofia ya Okinyi ilikutwa katika chumba cha nyuma. Okinyi alikuwa na ugomvi wa muda mrefu na Mhandisi Obiero, mwenye vizimba vya kufugia samaki vilivyotandazwa karibu na Dunga, na Balozi ndiye aliyekuwa akiwapatanisha. Obiero aliyeukuta mwili aliandikisha kwamba alifika kwa miadi, akagonga, akanyamaziwa, akaingia, akamkuta mzee ameshakata roho, na kupitia mlango wa nyuma uliokuwa wazi akamwona Okinyi akiishia uani. Nini tena?

Mji nao ulikuwa na maelezo yake. Mtu aliyetumia ujana wake wote kati ya Waarabu na Waisraeli hawezi kufa hivihivi. Kuanzia Mamboleo mpaka Awasi watu walikuwa wameshaamua kwamba ni majasusi, wakabaki kubishana ni wa upande gani. Ilipogunduliwa kwamba simu ya mwisho kwenye simu ya Balozi ilitoka Riyadh, wakubwa wa Nairobi nao wakashtuka, wakamtuma mtu wa Wizara ya Mambo ya Nje.

Mtu huyo ndiye aliyekuwa amesimama mlangoni sasa, akimtazama Nabalayo akizungukazunguka. Aliitwa Terry Akello, mwanamke mrefu wa makamo, mzaliwa wa Awasi, aliyefanya kazi chini ya Balozi katika miji miwili. Sajini Ogola, msaidizi wa Nabalayo, alisimama nyuma yake na bahasha ya picha.

"Hiyo simu ya Riyadh nimeimaliza asubuhi," Terry alisema. "Ni daktari wa magoti. Walikuwa marafiki. Kila wiki anapiga kuuliza kama mzee anafanya mazoezi, na kila wiki mzee anamdanganya."

"Kwa Kiarabu?" Nabalayo aliuliza.

"Kwa Kiarabu. Uongo wake wa Kiarabu ulikuwa mzuri sana."

Sajini Ogola alicheka kidogo, akajifanya kukohoa. Nabalayo alifuta majasusi akilini mwake na hakuhuzunika. Alikuwa hajawahi kuwaamini.

"Nieleze kazi yake," akasema. "Si ile ya magazetini. Alifanya nini hasa?"

Terry aliingia, akakaa ukingoni mwa kiti. "Alianza Kairo akiwa ofisa mdogo kabisa ubalozini. Kiarabu alikiokota kwa wauza mboga, ndiyo maana mpaka mwisho aliongea kama mtu anayeuliza bei. Halafu Riyadh. Halafu wakampeleka Tel Aviv, akaugua nyongo, akalazwa, akatoka hospitali na Kiebrania. Alikuwa na pasipoti mbili, moja ya huku na moja ya kule, mihuri isionane. Baadaye pale wizarani hakuna jambo la Waarabu wala la Waisraeli lililomfikia waziri kabla halijapita mezani kwake. Na pande zote mbili zilimwamini. Alikuwa akituambia, wananiamini kwa sababu natoka kwenye ziwa ambalo hakuna kati yao anayelitaka."

"Na kazi yenyewe?"

"Kutembea," Terry alisema. "Kutembea kwenye korido."

Aliinuka, akawaongoza. Nyumba ya Balozi ilikuwa imewashangaza wote tangu mwanzo. Ilikuwa na sebule mbili zinazolingana, moja mbele na moja nyuma, kila moja na mlango wake wa nje na geti lake, na katikati korido ndefu yenye ngazi mbili za mawe.

"Sisi tulifikiria anapanga kuoa wa pili," Sajini Ogola alisema.

"Aliiga hoteli aliyokuwa akipatanishia watu kule," Terry alijibu. "Kulikuwa na watu ambao serikali zao haziwaruhusu kukaa chumba kimoja. Hata kupeana mkono ni kesi huko kwao. Basi anawaweka hawa hapa, wale kule, na yeye anabeba maneno. Huyu hamwoni yule. Hakuna anayemsikia mwenzake. Na hakuna anayeambiwa, yule amesema hivi. Anaambiwa, mimi naonelea hivi."

Nabalayo aliacha kutembea. Kwao Bungoma mama mkwe hakai chumba kimoja na mkwe wake wa kiume. Kila sherehe alikuwako mtu wa kubeba maneno mlangoni, na shangazi yake mmoja alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Neno lilitoka kwa mama mkwe likiwa la moto, shangazi akalitembeza polepole, likamfikia mkwe likiwa la vuguvugu.

"Na hawa wawili aliwafanyia vilevile?"

"Angewafanyiaje tofauti? Hiyo ndiyo kazi aliyoijua." Terry aligusa ukuta wa korido. "Lakini neno la mwisho, lile zito, alikuwa na utaratibu wake. Halibebi mpaka mwenyewe ameondoka. Kabisa, nje ya geti. Alisema mtu akibaki chumbani atabadili nia, atakuita urudi, atataka kuongeza. Akishakwenda zake, neno si lake tena."

Nabalayo aliliweka hilo pembeni. "Ogola, mwonyeshe picha."

Terry alizipitia picha za chumba kwa chumba. Aliipita ile ya mwili haraka, uso ukimbadilika. Kisha akasimama kwenye mbili zilizoonyesha vikombe vidogo visivyo na mkono, vile vya kahawa ya iliki ambayo Balozi alimpikia kila mgeni wake, apende asipende.

"Hiki cha chumba cha nyuma kimenywewa."

"Alikinywa Okinyi," Ogola alisema.

"Na hiki cha hapa mbele kimejaa."

"Hicho kilikuwa kinamngoja Obiero. Alikuwa bado hajafika."

Terry alitikisa kichwa. "Afande, hii kahawa haimngoji mtu. Unamiminiwa ukishakaa, tena kwa mkono wa mwenye nyumba. Balozi angekufa kabla ya kummiminia kahawa mtu ambaye hayuko."

Terry alitambua alichokisema, akajifuta jicho kwa kiganja, akaendelea kwa sauti ya chini.

"Na kuna jambo jingine. Alilijua kwa mabedui, akalipenda, akalifundisha kila mtu aliyempatanisha. Mgeni mwenye ombi zito hanywi. Anakiweka kikombe mbele yake hivi, kimejaa. Mwenyeji akikubali, anakunywa. Akikataliwa anaondoka, kikombe kinabaki. Kikombe kilichojaa ni mazungumzo ambayo hayajaisha."

Nabalayo aliichukua picha. Alikuwa amekiangalia kikombe hicho kwa macho yake siku ile ya kwanza, akakiandika, akakipita. Kila mpelelezi wa Kisumu angekipita. Nyumbani kwake chai humiminwa kabla mgeni hajavuka uwanja, na asipofika hunywewa na watoto. Alijisikia mjinga, na chini ya ujinga huo furaha ndogo ya hasira ikaanza kuchemka.

"Kwa hiyo kuna mtu alikaa hapa," akasema. "Akamiminiwa. Akaomba kitu, hakukipata."

"Na huyu wa nyuma aliomba, akapata," Terry alisema. "Mtu aliyekunywa hamsukumi mtu."

"Hiyo si ushahidi, madam," Ogola alisema kwa upole. "Tukimpelekea prosekyuta kikombe, atatuchapa nacho."

Ogola alikuwa sahihi, na Nabalayo alikuwa ameshafika kwenye gari.

*

Mkuu wake alimpa mpaka saa ya gari la mahakama, tena kwa kunung'unika. Nabalayo alimpigia Obiero aje kuhakiki maelezo yake, akawekwa katika ofisi ya mbele. Okinyi alitolewa seli kwa mlango wa uani, akaketishwa katika chumba cha kuhifadhia mafaili. Kati ya vyumba hivyo palikuwa na korido yenye harufu ya dawa ya kudekia. Nabalayo mwenyewe alikwenda kantini, akarudi na vikombe viwili vya chai ya maziwa. Askari wa zamu walitazamana. Inspekta Nabalayo hakuwa mtu wa kubebea watu chai.

Okinyi alikuwa mtu mzima, mabega mapana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Chai ilipowekwa mbele yake hakuigusa.

"Mzee, Balozi alikupea kahawa siku hiyo," Nabalayo alisema.

"Alinipea. Ilikuwa chungu kama dawa."

"Na ukakunywa."

"Nilikunywa."

"Kwa nini?"

Okinyi alinyamaza. Hapo ndipo alipokuwa amenyamaza katika kila mahojiano. Alikubali kwamba alikwenda, akakubali kwamba waliongea, akakataa kusema waliongea nini, na ukimya huo ndio uliomfunga kuliko kofia.

"Sikuulizi kama afande," Nabalayo alisema. "Wewe hunywi hiyo chai, kumaanisha uko na kitu unataka. Niambie ni nini. Kama ni haki, nitasema ni haki, na utakunywa."

Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza. Alitambua kwamba Nabalayo anamfanyia kama Balozi alivyomfanyia.

"Kijana yangu wa kwanza, Mathews, alikuwa na bibi na watoto," akasema. "Alitoka na boti asubuhi, mashini ikashikwa na kamba ya hizo keji za samaki za Obiero, boti ikapinduka, akazama. Watu wa Obiero walituma wakili. Wakili akasema ziwa ni ya kila mtu. Mimi nikaanza kupigana na hizo keji. Kila mtu akafikiri ni mambo ya samaki."

"Haikuwa samaki."

"Haikuwa. Siku hiyo ndiyo nilimwambia Balozi. Kwetu mtu akifa kwa kitu yako, hata kama hukutaka, unakuja dala, nyumbani kwa wafiwa. Unakuja na miguu yako, unasimama kwa kaburi, unalia na wenyewe. Halafu inaisha. Hiyo tu ndiyo nilitaka. Obiero akuje alie na mimi. Keji zake aziache kwa maji kama anataka." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Nililia mbele yake, mwanaume mzima. Balozi akasema, hiyo ni haki, *wuoda*, mwanangu, nitambebea. Nikakunywa. Nikatoka haraka watu wasinione. Hata kofia nilisahau."

"Nani mwingine anajua umeomba hivyo?"

"Hakuna."

"Jacinta?"

"Huyo ndiye mama wa kijana. Ningemwambiaje kabla sijajua kama Obiero atakubali? Unataka roho yake ife mara mbili? Kutoka hapo nilienda kwa boti yangu, na hapo ndio Ogola alinikamata."

"Ulipokuwa ndani, simu ya Balozi ililia?"

"Ililia mara moja. Aliongea Kiarabu akicheka. Halafu akaizima akaiweka kwa droo. Akasema sasa ni wewe tu."

Nabalayo alishusha pumzi. Kama simu ile ya Riyadh ilikuwa ya mwisho, basi baada ya Okinyi kulisema ombi lake hakuna simu iliyotoka wala kuingia. "Ombi lako ni haki," akasema. "Kunywa chai, Mzee."

Okinyi alikunywa yote kwa mkupuo mmoja, na Nabalayo akatoka kwenye korido, akasimama pale mpaka moyo wake ulipotulia. Haukutulia sana.

*

Mhandisi Obiero alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, na alisimama kumpokea kama vile ofisi ni yake. Hakuwa mtu mbaya wa sura. Aliwaajiri watu wengi pale ufukweni na alijua majina yao. Chai yake ilikuwa mezani na hakuwa ameigusa.

"Inspekta, nasikia leo ndiyo inaisha."

"Leo inaisha," Nabalayo alisema, akakaa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo aliweza kukaa. "Nikusomee maelezo yako. Ulifika, ukagonga, ukanyamaziwa, ukaingia, ukamkuta Balozi amekufa. Hamkuongea."

"Ningeongea na maiti?"

"Na siku hiyo kabla ya hapo, alikupigia simu?"

"Hapana. Miadi tuliweka Jumapili kanisani."

"Sawa." Aliandika, akafunga kalamu. "Iko jambo moja limebaki. Okinyi ameomba kitu. Anataka nikuletee."

Alinyamaza hapo. Shangazi yake wa Bungoma alikuwa na kawaida ya kunyamaza mlangoni hivyo, mkono kwenye mwimo, mpaka mkwe aanze kujibu swali ambalo hajaulizwa. Nje lori lilipita. Obiero alikivuta kikombe, akakisukuma tena mahali pake.

"Mwambie siendi," akasema.

"Huendi wapi?"

"Kwake. Siendi kulia kwa kaburi ya kijana wake kama mtu aliyeua. Mimi sikuua huyo kijana. Nikienda pale, kesho kila gazeti litasema Obiero amekubali keji zake zinaua watu, na leseni nitaisahau. Anajua hivyo, ndio maana anaomba."

Sajini Ogola, aliyekuwa ameegemea dirisha, alijinyoosha taratibu. Nabalayo hakusogea.

"Nani alikuambia anaomba hivyo?"

Obiero alifungua mdomo. Ilionekana wazi wakati neno lilipomfikia mwenyewe.

"Watu wa Dunga wanasema."

"Watu wa Dunga hawajui. Bibi yake hajui. Alimwambia mtu mmoja, katika chumba cha nyuma, na akatoka akaenda mikononi mwa Ogola."

"Basi Balozi alinidokezea. Kwa simu."

"Umesema sasa hivi hakukupigia. Na ile simu ilizimwa ikawekwa droo Okinyi akiwa bado amekaa pale."

Nabalayo alisogeza kiti karibu, akaongea polepole, karibu kwa huruma, maana alikuwa na huruma naye kidogo na hakuona sababu ya kuificha.

"Balozi habebi neno la mwisho mpaka mwenye neno ametoka getini. Okinyi alitoka. Uliona akitoka, hapo hukudanganya, isipokuwa ulimwonea dirishani akielekea ziwani, ukiwa umeshakaa chumba cha mbele na kahawa iko mbele yako. Halafu Balozi akaja kwako, mzima, na hilo neno. Uliomba nini wewe, ambacho hakukupea?"

Obiero alikitazama kikombe chake cha chai kwa muda mrefu.

"Barua ya wavuvi," akasema mwishowe. "Kwamba hawana neno tena na keji zangu. Kulikuwa na watu wanataka kuweka pesa, wanataka hiyo barua. Nikasema sinywi mpaka nipate. Akasema, barua utapata, lakini kwanza twende kwa Okinyi. Sasa hivi, kwa miguu, kabla hajafika nyumbani. Nikakataa, nikainuka nitoke. Akanishika mkono, akanivuta kwa korido tutokee nyuma. Mzee kama huyo, unajua alikuwa na nguvu? Alinivuta kama mtoto. Akasema, Obiero, nimewaleta pamoja watu walio mbali zaidi yenu." Aliutazama mkono uliokuwa umeshikwa. "Nilitaka tu aniachilie. Nilimsukuma aniachilie. Na hapo ngazi."

"Na kule nje ukakumbuka Okinyi amepita."

Ogola alimsomea haki zake kwa sauti kavu, akatoa pingu. Nabalayo alimwambia amwache akae kwanza pale mezani mpaka mkuu aje.

*

Okinyi alikuwa amesimama alipoingia chumba cha mafaili. Nabalayo alimrudishia kofia yake, akamwambia hapelekwi mahakamani, mlango wa mbele uko wazi, na Jacinta yuko nje. Alimweleza kwa maneno machache ni nani aliyemsukuma Balozi na kwa nini. Aliongeza kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemweka seli bila kosa, na kwamba anaomba radhi.

Mzee aliisikiliza radhi hiyo, akaikubali kwa kichwa, lakini macho yake yalikuwa kwenye ukuta, upande wa ile ofisi ya mbele.

"Ulimbebea?" akauliza.

"Nilimbebea."

"Akasema?"

Nabalayo alisita. Maneno aliyapata, na yalikuwa ya moto. *Mwambie siendi.* Kuyasema ilikuwa kweli tupu. Lakini alipotoka kule, Obiero alikuwa ameinama juu ya meza, mikono kwenye pingu, kikombe kikiwa katikati ya mikono hiyo. Alikuwa akikitazama tu, bila kukisukuma tena.

"Chai yake bado iko mezani, Mzee," akasema. "Hajainywa."

Okinyi alilifikiria hilo. Kisha akaketi tena kwenye kiti kilekile, akaipindua kofia yake magotini.

"Basi mwambie Jacinta aingie," akasema. "Tutangoja."